Wiki Tisa za Kumjadili Mratibu

Neno "mratibu" likitajwa mbele yangu siku hizi, damu inanichemka. Wenzangu wa shuleni wanajua, na wananichokoza makusudi pale ofisi ya walimu: "Madamu, tunasikia mnatafuta mratibu." Nawaambia waniache. Hawaniachi. Joto la Kasese, huku magharibi ya Uganda, peke yake linatosha kumfanya mtu awe mkali, halafu uongezewe na hilo.

Nieleze kwanza tulikuwa kitu gani, maana hata mume wangu ilimchukua mwaka mzima kuelewa. Tulikuwa watu mia na kitu tunaochangia utafiti. Hatukuwa na ofisi, hatukuwa na muhuri, hatukuwa na mwenyekiti, na hiyo ndiyo ilikuwa fahari yetu. Mtu yeyote mwenye swali lake la kisayansi, awe mkulima wa Mahango au muuguzi wa Bwera, alikuwa anaandika pendekezo. Linawekwa kwenye kundi letu la simu bila jina la aliyelileta, tunalijadili siku saba, tunapiga kura, kila mtu moja. Likipita, fungu la pesa tulizochanga linatoka. Na ili lisitoke kwa ujanja wa mtu mmoja, tulikuwa watu watano wenye kile tulichokiita funguo, yaani namba ya siri kwenye simu ya kila mmoja. Watatu kati ya watano wakibonyeza, fungu linafunguka. Wakibonyeza wawili, halifunguki. Mfumo haukuonyesha nani kabonyeza na nani hajabonyeza, ulionyesha idadi tu. Hata hilo tulilitaka wenyewe, ili asitokee mkubwa wa kubembelezwa.

Watu wa namna yetu wako nchi nyingi, na mambo mengi tulijifunza kwao mtandaoni. Wao wanaeleza kwa maneno marefu kwa nini sayansi haifai kuwa na makao makuu. Sisi hatukuhitaji kuelezwa. Tulikuwa tumeona mabwana wakipanda mlimani na magari, wanachota udongo, wanachuma majani, wanawauliza bibi zetu maswali, wanashuka, na hakuna hata mmoja aliyerudi kusema alikuta nini. Ugonjwa ukabaki kwetu, majibu yakaenda nao.

Katika wale watano nilikuwemo mimi, mwalimu wa biolojia. Alikuwemo mfanyabiashara wa Bwera, Mkongomani kutoka Butembo, Mkatoliki ambaye hafungui duka kabla hajamaliza rozari. Alikuwemo afande mmoja, fundi wa maabara katika kambi ya jeshi, mtu wa mashariki ya Uganda aliyeletwa huku na uhamisho. Wawili waliobaki walikuwa ng'ambo, watoto wa huku waliokwenda kusoma wakabaki. Mmoja wao alikuwa amepoteza simu pamoja na ufunguo wake, kwa hiyo mhesabuni kama hayupo.

Sasa nije kwa mwanamke aliyeleta pendekezo ninalotaka kulisimulia. Ni wa Bwesumbu, hajafika miaka arobaini, ana diploma ya kilimo ambayo haijampa kazi hata siku moja. Miaka michache nyuma ugonjwa wa majani uliifagia kahawa ya mlima ule. Jani linaota unga wa rangi ya chungwa, linapukutika, mti unabaki vijiti. Yeye alifanya kitu ambacho hakuna bwana wa gari aliyekifanya. Alitembea nyumba kwa nyumba, mgongo wa mlima hadi mgongo wa mlima, akiuliza: mti wako gani haukuugua? Akachuma mbegu kwenye miti hiyo tu, akaziotesha kwenye vifuko vya plastiki nyuma ya jiko lake, akaandika katika daftari kila mche na mti uliouzaa. Miche mia tatu. Alitaka kuipanda mahali patatu, juu, katikati na chini, aone ipi ni imara kweli na ipi ilikuwa na bahati tu. Kama hiyo si sayansi, basi mimi sijui nafundisha nini.

Shamba lake mwenyewe ni dogo na limejaa. Akaazima vipande vitatu, kimoja kwa shemeji yake hapo hapo Bwesumbu, kimoja Mahango, kimoja chini kando ya barabara ya Ibanda. Kuazimana ardhi huko mlimani kuna utaratibu wake, haujaandikwa popote na hakuna anayeuvunja. Anayekupa anakupa kabla ya mvua za msimu. Mvua kubwa zikinyesha tatu na wewe hujaweka kitu ardhini, anarudi na maharagwe yake, anapanda, na wewe huna mdomo wa kulalamika. Ana watoto wa kulisha kama wewe. Mvua tatu, basi.

Fungu alilotuomba lilikuwa la vibarua wa kuchimba mashimo, samadi, na gari la kupeleka miche Mahango na Ibanda. Kura ilipita mwezi wa nane, karibu wote tulisema ndiyo. Alinipigia simu siku ile anacheka. "Madamu, wamenikubali," akasema. "Mimi wa nyuma ya jiko." Nilifurahi naye kama ndugu yangu.

Kabla hatujabonyeza, ikaja hoja ya mratibu. Ilikuja bila jina kama kawaida yetu, lakini Kiswahili kile nani asingekijua? "Kikosi bila komanda ni kundi ya watu tu. Tuchague mtu moja. Kura ikipita, yeye anafungua. Kwisha." Afande. Alikuwa na sababu, siwezi kusema hakuwa nayo. Miezi miwili kabla, fungu la muuguzi mmoja lilikuwa limekwama wiki tatu, kwa sababu mfanyabiashara alikuwa Butembo hana mtandao, yule wa ng'ambo ndiyo hana simu, na mwenzake wa huko huko alikuwa amelazwa hospitali. Afande alikuwa amechoka kungoja.

Lakini mimi ni mtoto wa kambi. Baba yangu alikuwa sajini, tulilala saba katika chumba kimoja cha bati, na Kiswahili changu cha kwanza nilikipata kwa kufokewa. Simama. Toka hapo. Funga mdomo. Mke wa ofisa akifika bombani, mama yangu alikuwa anaondoa ndoo yake hata kama imejaa nusu. Anaiondoa na kutabasamu. Nilikuwa na miaka tisa na nilikuwa namchukia kwa tabasamu lile, Mungu anisamehe, badala ya kumchukia mwenye bomba. Kwa hiyo nilipoyasoma yale maneno ya komanda, sikusoma habari ya muuguzi wala ya wiki tatu. Nilimwona mke wa ofisa.

Nikafanya nilichofanya. Nilileta hoja yangu kwamba, mpaka suala la mratibu liamuliwe, fungu lolote lisifunguliwe. Niliipamba vizuri. Nilisema wakati wa kugombania madaraka, anayefungua fungu anajinunulia kura. Akimfungulia mtu wa Bwesumbu leo, Bwesumbu nzima itamtaka awe mratibu kesho. Niliona nimemfungia afande mlango. Niliiandika kwa Kiingereza kikavu kama cha wakili ili hata harufu yangu isisikike. Siku ya saba hoja yangu ikapita. Yule mama mwenyewe aliipigia kura ya ndiyo. Alidhani ni jambo la siku chache, na hakutaka kuonekana mtu anayejipendelea.

Siku chache! Wiki ya kwanza tulibishana kama mtu huyo aitwe mratibu au mwezeshaji. Ya pili, kama awe mmoja au wawe watatu. Ya tatu kuna mtu alipendekeza kila upande wa mlima uwe na wa kwake, kwa kuwa toka zamani kila mgongo una mkubwa wake na hakuna anayevuka bonde kumwamuru mwenzake. Jambo la maana sana, tukalijadili siku nne usiku na mchana, na mimi nilikuwa mstari wa mbele. Nilikuwa naandika darasani wanafunzi wakifanya mtihani. Nilikuwa naandika jikoni na mwiko mkononi. Kama kuna mtu alipiga domo kuliko wote katika mjadala ule, ni mimi.

Mvua ya kwanza ilinyesha katikati ya mwezi wa tisa. Akanipigia simu. "Madamu, mvua imefika. Miche yangu inakuwa mrefu." Nilimwambia asubiri kidogo, wiki hii tunamaliza. Mvua ya pili, simu ya pili. Safari hii hakusema mengi, aliniuliza tu kama tumefika wapi. Nikamwambia tumefika pazuri.

Tukaitana Bwera siku ya soko, tuonane ana kwa ana. Tulikaa nyuma ya duka la mfanyabiashara, juu ya magunia ya maharagwe, madumu ya mawese yametuzunguka, kalenda ya parokia ukutani. Tulikuwa kama kumi na wawili. Yule mama hakuja, hakuwa na nauli ya kushuka na kupanda.

Afande alisimama, maana yeye hajui kuongea akiwa amekaa. "Maneno mingi," akasema. "Iko mama kule juu anangoja. Mimi nasema hivi: tuweke komanda leo, leo hii afungue."

"Afande, hapa si kambini," nikamjibu.

"Najua si kambini. Kambini ile miche ingekuwa imepandwa."

Watu wakacheka, nami nikawaka moto. Nilimwambia wako watu hawawezi kufikiri mpaka wapate wa kumpigia saluti. Nilimwambia leo tutamweka mtu wa kufungua fungu, kesho atakuwa wa kulifunga, na keshokutwa tutakuwa tunaomba ruhusa ya kuongea. Nilisema mengi. Sikumtaja yule mama hata mara moja.

Mfanyabiashara alikuwa ananyoosha mkono muda wote. Yeye, kama mimi, hakutaka mratibu. "Kule kwetu tumeona shefu mingi," akasema, na shefu kwao ni mkubwa wa kuamuru. "Leo iko mutu muzuri, kesho iko Mungu. Miye sipendi shefu. Lakini, Mama Mwalimu, hii kanuni ya kufunga iko ya nani? Batu beko nasema shefu, shefu, na mumama yule iko nalia. Miye nitaweka kidole yangu leo. Kanuni ikae na kanuni yake."

"Utavunja makubaliano ya watu wote," nikamwambia.

"Makubaliano haipandake kahawa, Mama."

Nilimgeukia mwingine. Jioni ile nikiwa nyumbani Kasese nilifungua simu nikaona imeandikwa kwenye fungu la yule mama: mbili kati ya tatu. Kidole cha mfanyabiashara, na cha yule mmoja wa ng'ambo, ambaye bila shaka mfanyabiashara alimpigia simu kumshawishi. Mwenye simu iliyopotea hayupo. Kwa hiyo tulibaki wawili, afande na mimi.

Nilimpigia afande. Nilimpigia nikiwa nimekasirika, na nataka msomaji anielewe hapa, nilikasirika kwa haki kabisa kichwani mwangu. Nilimuuliza: wewe unayelia habari ya mama wa watu, mbona hujabonyeza?

"Amri ilipita," akasema. "Hakuna kufungua. Mimi napinga hiyo amri, lakini natii."

"Amri ya nani? Hatuna komanda."

"Ya watu. Hata wewe uko hapo. Wewe umebonyeza?"

Nikakata simu. Nilimwita mnafiki, nilimwita roboti, nilimweleza mume wangu habari yake mpaka chakula kikapoa. Mume wangu akaniuliza swali lile lile: na wewe? Nikamwambia mimi ni tofauti, mimi nalinda msingi. Akanyanyuka kwenda kunawa mikono.

Ningeweza kubonyeza. Simu ilikuwa mezani, karibu na chumvi. Hakuna ambaye angejua ni mimi, tulikwishauondoa uwezekano huo kwa hekima yetu. Lakini ningebonyeza ningekuwa nimevunja hoja yangu mwenyewe, na afande angeona namba tatu, angejua haikuwa yake, angecheka huko kambini kwake. Ndilo lililonizuia, si msingi wowote. Niliogopa kuchekwa na mtu mmoja.

Mvua ya tatu ilinyesha siku mbili baadaye, kubwa, hata sisi wa bondeni tuliisikia milima ikinguruma. Safari hii yule mama hakunipigia simu.

Mjadala uliendelea wiki tano zaidi. Wiki ya tisa tulipiga kura, na mratibu akakataliwa. Nilishinda. Kundi lote lilijaa viganja vya kupongeza, watu wakaandika kwamba tumekuwa mfano kwa wengine, kwamba hata huko nje watajifunza kwetu. Hoja ya kufunga ikafa yenyewe siku ile. Dakika hiyo hiyo nilibonyeza, namba ikawa tatu, fungu likafunguka. Jumamosi nikapanda bodaboda kwenda Bwesumbu kumpa habari mwenyewe. Nilimnunulia na sukari.

Nilipita shamba la shemeji yake kabla sijafika kwake. Maharagwe yalikuwa yamefika magotini, yanatoa maua.

Alikuwa nyuma ya jiko, amekaa kwenye kigoda katikati ya miche yake. Miche ilikuwa mirefu na myembamba, ya njano, imeegemeana. Alinikaribisha vizuri, akaichukua sukari, akanitafutia kiti. Nikamwambia fungu limefunguka. Akasema ameona.

"Na Mahango?" nikauliza.

"Mahango wamepanda viazi. Ibanda wamepanda mahindi. Wamengoja mvua tatu, hata nne. Siwezi kulaumu wao." Kisha akaniuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza njia. "Madamu, ile maneno ya kufunga, nani alileta?"

"Tulikubaliana wote," nikasema.

"Hiyo najua. Hata mimi nilikubali. Nauliza nani alileta."

Nikamwambia hoja zetu huwa hazina majina, anajua mwenyewe. Akatikisa kichwa. Akasema mwezi wa kumi wote alikuwa akiamka anatafuta mtu wa kukasirikia na hampati. Shemeji hana kosa. Mvua haina kosa. Katika kundi kila anayemuuliza anamwambia ni sisi sote. "Nimekasirikia simu, madamu. Simu. Nikaitupa pale, mtoto akaiokota. Mutu ataishi aje hivyo?"

Nilikuwa nimebeba jibu zuri. Nililiandaa njiani, juu ya pikipiki, kuhusu mifumo inayojifunza kutokana na makosa yake. Nilifungua mdomo nilitoe, na kilichotoka ni, "Ni mimi."

Akanitazama.

"Ni mimi niliyeileta. Niliandika kwa Kiingereza. Na walipobonyeza wawili, wa tatu nilikuwa mimi, na sikubonyeza."

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisimama, na uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima. Alichukua kisu cha jikoni akanipa, mpini mbele, akavuta mche mmoja akauweka miguuni pangu.

"Pasua kifuko," akasema.

Nikapasua. Udongo ukabomoka, na mzizi mkuu, ambao kwenye kahawa unatakiwa ushuke chini wima, ulikuwa umefika mwisho wa plastiki, umejikunja, umepanda tena juu. Mimi nafundisha hayo. Mche wa namna hiyo ukiupanda unaishi miaka miwili mitatu ukikudanganya, halafu unakufa ukiwa na matunda.

"Endelea," akasema. "Nzuri weka huku. Ile imeharibika weka kule."

Nilipasua vifuko tangu saa nne mpaka jua likaanza kushuka. Hakunipa maji na sikuomba. Kila mche alitaja mti ulioutoa, bila daftari: huu wa mama fulani juu kanisani, huu wa yule mzee kiziwi, huu wa nyumba iliyochukuliwa na mto. Nilikuwa naomba kimya kimya mzizi unaofuata unyooke. Miche mia tatu, na upande wa mizuri, nilipomaliza, ilikuwa kumi na mmoja.

Aliiinamia ile kumi na mmoja, akaigusa mmoja mmoja, akaifunika na gunia bichi. Kisha akanyooka.

"Sasa andika kwa kundi," akasema. "Yote, kama umeniambia. Na uweke jina yako."

Niliandika pale pale kwa Kiswahili, mikono ikiwa na udongo, na yeye alisimama begani kwangu akasoma kila neno kabla sijatuma.